Bandu Bandu Huisha Gogo: Kazi Yako ya Mikono Nayo Ipate Nafasi



Ukurasa huu umezoea kuzungumzia chanjo, malaria, maji safi na lishe ya watoto. Mwezi huu tunapenda tuzungumzie jambo ambalo wengine hawatalihesabu kuwa ni la afya, nalo ni ile kazi ya mikono ambayo mtu anaifanya kwa kupenda mwenyewe, na jinsi ya kuipatia nafasi katika siku iliyojaa shughuli.

Katika nyumba nyingi, juu ya kabati au chini ya kitanda, kuna kikapu chenye kazi ambayo haijamalizika. Pengine ni pima tatu za ukili zilizoviringishwa na kufungwa kwa kamba, au kitambaa cha kochi kilichofumwa nusu. Pengine ni sweta la mtoto lisilo na mkono wa pili, na mtoto mwenyewe amekwisha kukua, halimwenei tena. Pengine ni mwiko ambao baba alianza kuuchonga wakati wa masika, ukabaki na mpini usio na umbo. Ukiuliza kwa nini kazi hiyo imesimama, jibu ni lile lile: “Sina nafasi.”

Hatusemi kwamba jibu hilo ni la uongo. Mama anayeamka alfajiri kuwasha moto, akaenda shambani au sokoni, akarudi kupika, kufua na kumwogesha mgonjwa wa nyumbani, kweli nafasi yake ni ndogo. Lakini tunapenda kuonyesha kwamba kazi ya mikono haihitaji siku nzima. Inahitaji nafasi ndogo inayojulikana, inayorudi kila siku, na ambayo watu wa nyumbani wanaiheshimu.

Kwa nini jambo hili ni la afya?

Tuziangalie kwanza kazi za nyumbani zilivyo. Ugali wa leo huliwa leo, na kesho sufuria ni lile lile. Vyombo vilivyooshwa mchana vinachafuka jioni. Uwanja uliofagiwa asubuhi unajaa majani kabla ya jua kuzama. Kazi hizo ni za lazima na ni za heshima, lakini hazina mwisho, na anayezifanya mara nyingi haoni kitu kilichobaki mkononi mwake. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, kisha akalala na kusema, “Leo sijafanya kitu.”

Kazi ya mikono ni tofauti. Ukili uliosuka jana upo pale pale leo, na ukiongeza shibiri moja unaiona. Mstari uliofuma haurudi nyuma, isipokuwa umeufumua mwenyewe. Mtu anapoona kitu kinakua kwa mikono yake, moyo hupata raha. Tena mikono inaporudia mwendo ule ule, na macho yakiwa katika kazi, mawazo mazito huachia kidogo.

Waganga walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1917, huko Marekani, ilianzishwa jumuiya ya wataalamu waliotumia kazi kama njia ya kuwasaidia wagonjwa. Kusuka vikapu, kufuma na useremala zilikuwa miongoni mwa shughuli walizopewa askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na wagonjwa wa akili. Fani hiyo leo tunaiita tiba kwa vitendo.

Katika miaka ya karibu zaidi, mwaka 2013, jarida la Uingereza la fani hiyo lilichapisha majibu ya wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali. Wale waliofuma mara nyingi zaidi kwa wiki ndio waliosema zaidi kwamba wanajisikia watulivu na wenye furaha. Ni vizuri tuelewe kwamba waliojibu ni watu ambao tayari wanapenda kufuma. Kwa hiyo tusikimbilie kusema kwamba kufuma kunaponya ugonjwa fulani. Mwenye shinikizo la damu aendelee na dawa zake, apunguze chumvi na ahudhurie kliniki. Kazi ya mikono ni pumziko la akili, wala haishiki nafasi ya kidonge.

Hesabu ya mkeka mmoja

Wengi wanaacha kazi kwa sababu wanaiangalia yote kwa mara moja, na inawatisha. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mama anataka mkeka wenye urefu wa sentimeta 180 na upana wa sentimeta 120. Ukili wake una upana wa sentimeta 5. Ili kupata upana wa sentimeta 120, anahitaji mapande 24 ya ukili, kila moja likiwa na urefu wa sentimeta 180, yaani kama pima moja. Mkeka mzima basi unataka pima 24, na kidogo zaidi kwa ajili ya pindo na mshono.

Pima 24 ni nyingi. Lakini kama mama huyo atasuka sentimeta 30 tu kwa siku, siku sita za wiki, na Jumapili apumzike, atapata sentimeta 180 kwa wiki, yaani pima moja. Baada ya wiki 24 ukili wa mkeka mzima utakuwa umekwisha, kabla ya kutimia miezi sita, na umebaki kushonwa. Sentimeta 30 ni urefu wa rula ya mtoto wa shule. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, nasi tunaona kwamba hesabu inawaunga mkono.

Mazoea madogo ya kuanza nayo

1. Chagua kazi moja tu. Mwenye kazi tano nusu nusu hana hata moja. Toa kikapu chini ya kitanda, angalia vilivyomo, chagua kimoja unachopenda kukimaliza. Vingine vifunge vizuri na kuviweka kando. Kile ambacho hukipendi tena, mpe jirani anayeweza kukimaliza. Hakuna aibu.

2. Ifunge kazi hiyo kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Usiseme, “Nitasuka nikipata nafasi,” kwa sababu nafasi isiyo na saa huchukuliwa na yeyote anayepita. Sema hivi: “Nikishainjika maharage, nitakaa kwenye kigoda nje ya jiko na kusuka hadi yatakapohitaji kuongezwa maji.” Au: “Watoto wakishaondoka kwenda shule, kabla sijashika ufagio, nitafuma mistari miwili.” Au: “Nikishafunga duka na kunawa, nitachonga mwiko hadi taarifa ya habari ianze redioni.” Mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alieleza mwaka 1999 kwamba mtu anayepanga mapema wakati na mahali pa kufanya jambo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kulitimiza kuliko yule anayekusudia tu moyoni.

3. Anza na kiasi kidogo hata cha kuchekesha. Mistari miwili ya kufuma. Shibiri moja ya ukili. Dakika kumi za kudarizi. Ukiwa na nguvu, ongeza. Ukiwa umechoka, fanya kile kidogo na uache. Anayejiwekea saa mbili kila siku ataziacha siku ya tatu. Mwenye dakika kumi hana sababu kubwa ya kuziacha.

4. Andaa kabla. Mara nyingi kinachotushinda ni kuanza, kwa sababu vifaa havipo tayari. Ukindu mkavu hukatika. Kwa hiyo, kabla hujaanza kupika, ulowanishe kidogo na uufunge katika kitambaa kibichi, ili ukae tayari kwa kusuka. Uchane wa kutosha siku kadhaa kwa mara moja, siku ya Jumamosi. Mfumaji asimalizie mwisho wa mstari, bali aachie katikati, sindano ikiwa mahali pake. Kesho yake mikono itajua yenyewe pa kuanzia.

5. Weka kikapu mahali kinapoonekana. Kilicho chini ya kitanda husahauliwa. Kitundike msumarini karibu na mlango wa jiko au karibu na kiti unachokalia, lakini juu, mbali na mkono wa mtoto mdogo. Sindano, kisu na vifungo ni hatari kwa watoto.

6. Punguza kitu kimoja. Siku haiongezeki saa. Kama unaongeza dakika kumi na tano hapa, zitoke mahali fulani. Wengi wetu siku hizi tunashika simu kabla hatujatandika kitanda, na tunapoiweka chini nusu saa imekwisha kupita. Iache simu chumbani kwa muda wa kazi yako. Lakini tunaonya: dakika hizo zisitoke katika usingizi. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi, na anayesuka hadi saa sita za usiku kisha akaamka saa kumi za alfajiri anajidhuru.

7. Ukikosa siku moja, usihesabu kwamba umeshindwa. Utafiti wa University College London, huko Uingereza, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kufanya kila siku baada ya tukio linalojulikana, kwa mfano baada ya kunywa chai ya asubuhi. Mtu wa katikati katika kundi hilo alihitaji kama siku 66 hadi jambo lile lijifanye lenyewe bila kulazimishwa. Kwa wengine zilitosha siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokwisha kuanza. Basi msiba ukitokea, mtoto akiugua au mvua ikiita shambani, nenda. Ukirudi, chukua kikapu siku ile ile.

Nyumba nzima ihusike

Hapa tunapenda tuseme wazi. Mazoea yote tuliyoyataja yatavunjika ndani ya wiki moja kama kila mama anapokaa chini anaitwa. “Mama, chumvi iko wapi?” “Mama Ana, nipatie maji ya kuoga.” “Dada, njoo umshike mtoto.” Nyumba nyingi zimezoea kuona kwamba mama aliyekaa hana kazi. Akishika jembe, hakuna anayemwita. Akishika ukili, kila mtu ana shida.

Tunashauri familia izungumze jambo hili baada ya chakula cha jioni. Mama aseme ni dakika ngapi anazihitaji, na ni saa ngapi. Baba akubali mbele ya watoto, kwa sababu watoto wanafuata anachoheshimu baba. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuosha vyombo na kumwangalia mdogo wake kwa dakika ishirini, awe wa kike au wa kiume. Baba anaweza kujichotea maji ya kuoga. Siku za kwanza watasahau. Mama asikasirike, aonyeshe tu kikapu na kuendelea.

Haki hiyo ni ya wote. Babu aliyestaafu na kukaa barazani bila shughuli naye anahitaji kisu chake cha kuchongea na kipande cha mti. Kijana anayesoma ana haki ya kushona au kuchora, naye asihesabiwe kuwa anapoteza wakati. Bibi anayesuka ukili amwite mjukuu akae karibu naye. Ufundi mwingi umepotea katika nyumba zetu kwa sababu hakuna mtoto aliyekaa karibu na kutazama.

Kuna jambo moja zaidi. Majirani wakiona mkeka mzuri, wataagiza. Kuuza ni vizuri, na fedha ya kazi ya mikono imelipa karo za watoto wengi. Lakini kazi ya kuagizwa ina tarehe, ina madai, na inaweza kugeuka mzigo kama mizigo mingine. Mwenye kuuza ajiwekee kazi moja isiyo ya mtu, anayoifanya kwa mwendo wake.

Kulinda mwili

Macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, watu wengi huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Mtu hurefusha mkono ili atunge uzi, kisha husema kazi imemshinda. Mara nyingi kilichomshinda ni kukosa miwani. Nenda ukapimwe macho. Fanya kazi ya sindano mchana, karibu na dirisha au barazani, wala usiinamie koroboi. Mwanga wake ni mdogo na moshi wake unadhuru macho na mapafu.

Mgongo na miguu. Usikae chini saa nzima bila kubadili mkao. Kila baada ya nusu saa, inuka, jinyooshe, tembea hadi kisimani na kurudi. Anayekaa kwenye mkeka aegemee ukuta.

Mikono. Kama unapata ganzi au kuchomachoma katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, pumzisha mkono na uje kituo cha afya. Hali hiyo huwapata zaidi wajawazito na wenye kisukari. Jeraha la sindano au kisu lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni. Likiwa refu au lenye uchafu, nenda ukaonyeshe, na umweleze mhudumu kama umekamilisha chanjo ya pepopunda.

Wenye kisukari wawe waangalifu zaidi. Mguu uliokufa ganzi hausikii sindano iliyoanguka. Kwa hiyo hesabu sindano kabla na baada ya kazi, zichomeke katika kitambaa kinene, na uvae viatu.

“Sina nafasi” au “sina hamu”?

Mwisho, tunaomba familia zitofautishe mambo mawili. Kuna mtu ambaye kazi yake imesimama kwa kukosa nafasi. Huyo, ukimpa dakika kumi, macho yanang’aa na mikono inakimbilia kikapu. Mazoea tuliyoyaeleza ni kwa ajili yake.

Lakini kuna mtu mwingine. Nafasi anayo, kikapu kipo mbele yake, na hataki hata kukiangalia. Kazi aliyoipenda miaka yote haina ladha tena. Halali vizuri, au analala mno, chakula hakipendi, anajiona hafai kitu, anajitenga na watu, hata na jumuiya. Hali hiyo ikiendelea kila siku kwa wiki mbili au zaidi, si uvivu, na wala kumgombeza hakumsaidii. Inaweza kuwa ugonjwa wa sonona. Unawapata wanawake waliojifungua karibuni, waliofiwa, wanaouguza kwa muda mrefu, hata wanaume wenye nguvu. Una tiba. Mleteni hospitalini, na mmoja wenu amsindikize. Akisema kwamba anatamani kufa, msimwache peke yake na msingoje kesho.

Kikapu kilichosahauliwa juu ya kabati kinaweza basi kuwa cha kwanza kutuambia kwamba mwenzetu hayuko sawa. Tumwulize kwa upole.

Zoezi la mwezi huu

Chukua kalenda iliyoko ukutani. Chagua kazi moja na jambo moja la kila siku la kuifungia. Kila siku unapofanya, hata kama ni mstari mmoja, weka alama kwa kalamu. Mwisho wa mwezi hesabu alama pamoja na watoto, na mpime kazi yenyewe kwa rula.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika nyumba yetu, ni nani ana kazi ya mikono iliyosimama? Imesimama tangu lini, na kwa sababu gani?

2. Ni saa gani ya siku ambayo mama anaweza kukaa dakika ishirini bila kuitwa? Nani atashika kazi yake wakati huo?

3. Ni ufundi gani ambao wazee wetu wanaujua na watoto wetu hawaujui? Nani atafundisha, na siku gani?

4. Je, kuna mtu miongoni mwetu ambaye ameacha mambo yote aliyoyapenda? Nani kati yetu atamtembelea wiki hii?